Shati la Nyuma ya Mlango

Fundi cherehani alikuwa na shati moja ambalo hakuwa tayari kulifua. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, la khaki, kiwiko cha kulia kimetobolewa na cheche. Nguo nyingine zote za marehemu mumewe ziligawiwa kwa ndugu. Hili alilizuia. Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, alizamisha uso kwenye shati hilo akavuta pumzi: chuma kilichoungua, jasho, sabuni ya kunyolea. Miezi tisa sasa, na harufu bado ilikuwepo, ingawa kila siku ilibidi aitafute zaidi.

Chini ya msumari huo ndipo alipolala Meneja.

Meneja alikuwa mbwa. Mume, mchomeleaji wa mageti, alikuja naye siku moja akiwa ndani ya koti, hajafikisha hata miezi miwili. Alimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kivulini akiwatazama wenzake wanavyotoka jasho. Wiki ya kwanza tu Meneja alikojolea kitambaa cha suti ya mteja.

"Huyu ahasiwe mapema," mke aling'aka. "Kesho keshokutwa atainua mguu kwenye kila jora langu."

"Mwache mtoto akomae mifupa kwanza, mama," mume alijibu huku akicheka. "Wewe nawe! Mkasi kwako ndiyo dawa ya kila kitu."

Wakampeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Daktari alimshika Meneja mguu, akaupima kwa macho. "Mbwa wa umbo dogo huhasiwa hata kwenye miezi sita. Ila mwenye nyayo kama hizi atakuwa dude. Mkimwahi, viungo vinaweza kumsumbua ukubwani. Ngojeni atimize mwaka."

"Umesikia?" mume alimgeukia mkewe kwa ushindi. "Mwaka. Na siku hiyo nitamshika mimi mwenyewe."

Hakuifikia siku hiyo. Moyo ulimsimama karakanani, miwani ya kuchomelea bado usoni, Meneja akiwa na miezi mitatu.

Meneja alipotimiza mwaka, alikuwa ameshajifunza kuruka ukuta. Alikuwa akitoweka mchana kutwa, na siku moja alirudi sikio limechanika.

"Wifi, bwana mdogo kaanza uhuni," alisema dada wa marehemu, aliyekuja kumtembelea. "Atagongwa na gari huko kwa wachumba zake. Mwaka si umetimia?"

"Umetimia."

"Sasa unangoja nini?"

Fundi aliukata uzi kwa meno. Alikuwa akimngoja mtu wa kumshika.

Hatimaye akapiga moyo konde. Akamnyima Meneja chakula tangu jioni kama alivyoagizwa, na asubuhi akamshika yeye mwenyewe hadi sindano ya usingizi ilipomlegeza kichwa mikononi mwake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alimkabidhi dawa za maumivu na masharti: asikimbie, asiruke, asiogeshwe, kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni, na kola hii ya plastiki isimtoke shingoni mpaka nyuzi zitolewe, maana akilamba tu, kazi yote imeharibika.

Kola ilikuwa kama faneli kubwa. Meneja aligonga nayo meza, akagonga mlango, akagonga miguu ya cherehani, kisha akajikunyata akilia kwa sauti nyembamba. Hakugusa chakula. Siku ya pili aliivunja.

"Mimi ni fundi," mwanamke alimwambia. "Nitashindwaje kukushonea wewe suruali?"

Akamshonea ya pamba mpya. Meneja aliichana kabla uzi haujapoa. Akashona ya pili, ngumu zaidi. Nayo ikaenda na maji. Siku ya tatu alimkuta ulimi uko kwenye nyuzi. Alipomkemea, mbwa aliinua macho, si kwake, bali kwenye msumari.

Fundi aliyafuata macho yake mpaka kwenye shati. Kisha akalishusha shati.

Akachukua mkasi aliokata nao maelfu ya vitambaa. Mikono ya shati ikawa miguu ya suruali, mgongo ukawa tumbo, akaacha nafasi ya mkojo na tundu la mkia. Meneja alinusa mshono mmoja mmoja, mkia ukaanza kupiga sakafu, akajiachia avalishwe kama mtoto. Jioni hiyo alimaliza bakuli.

Mteja yeyote angemuuliza, fundi angemjibu bila kufikiri: nguo ya kugusa kidonda hufuliwa kwanza. Alilijua hilo. Hakulifua.

Siku ya sita, alipoinama kunusa shingo ya shati, alikutana na harufu nyingine. Alimvua nguo ile. Kidonda kilikuwa kimevimba, chekundu, kinatoa usaha.

"Nguo hii ilifuliwa lini?" daktari aliuliza huku akikisafisha.

"Haijafuliwa."

"Tangu umshonee?"

"Tangu mwenyewe afe."

Daktari alivuta dawa kwenye bomba. Alipomaliza kumchoma mbwa sindano, alisema taratibu, "Pole, mama. Mvalishe kola nyingine. Akigoma kula, mrudishie nguo, lakini iwe imefuliwa kwa maji ya moto na sabuni. Kila siku. Uchafu ukiingia ndani, tutampoteza."

Kola ya pili ilidumu siku moja. Meneja hakula wala kunywa. Alilala mdomo sakafuni, mbavu zikihesabika.

Wifi alimkuta fundi uani, amechutama mbele ya beseni linalofuka mvuke, shati mapajani.

"Maji si yatapoa, wifi."

"Najua."

Wifi alichutama pembeni yake. Macho yalimwiva. "Nipe kwanza," alisema. "Nami nimnuse kaka yangu."

Alinusa ukosi wa shati, ambako usaha haukufika. Akalirudisha. Fundi naye alivuta pumzi mpaka kifua kikamuuma, akajikaza kisabuni, akalizamisha. Maji yakawa ya kijivu. Alifikicha, akasuuza, akafikicha tena, machozi yakimdondokea mikononi, na wifi akashika ncha ya pili wakakamua pamoja.

Lilipokauka alimvalisha Meneja. Mbwa alinusa mshono wa kwanza, akanusa wa pili. Mkia haukugonga sakafu. Alimtazama fundi, akalala. Asubuhi alikula kidogo.

Siku ya kumi na sita daktari alitoa nyuzi. "Kimefunga vizuri kabisa," alisema. "Amepona huyu."

Fundi alirudi nyumbani, akakitundika kile kilichobaki cha shati kwenye msumari. Aliweka uso wake pale pa siku zote. Sabuni. Na mbwa kidogo. Alibadilisha upande, akatafuta kwenye kiwiko chenye matundu, akatafuta chini ya kifungo. Sabuni.

Aliketi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio. Meneja alikwenda chini ya msumari, akainua pua, akazunguka mara mbili. Kisha akaja, akaegesha kidevu juu ya kanyagio, juu ya mguu wa fundi, akafumba macho.

Kulikuwa na gauni la mteja la kumalizwa saa kumi. Fundi hakuusogeza mguu ule mpaka jua lilipohama dirishani.