Tumechaguliwa ao Bado

...na kama wangekuwa wamekaa uso kwa uso angesema, hilo Eugénie alikuwa na hakika nalo, au alijidai kuwa na hakika, lakini nani anayeweza kuungama akiwa ameketi chini mkekani, shingo imekunjwa, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya yule yule aliyemkosea, na vidole vya yule yule vinampasua nywele mstari kwa mstari kama mtu anayetengeneza matuta ya viazi, "Inamisha," ilisema sauti ya Mama Liliane kutoka juu, akainamisha, na simu ndani ya mkunjo wa kitenge ikamchoma pajani, ingawa simu haichomi, kilichochoma ni matokeo aliyoyasoma saa tatu kasoro amejibanza nyuma ya choo kama mwizi wa kuku, mtandao ukipanda na kushuka, maneno yakijitokeza nusu nusu: jimbo la British Columbia, Kanada, chama tawala kimerudi madarakani, chama cha rangi ya chungwa kimeanguka, na kura za maoni zote zilikuwa zimesema kinyume, wataalamu wote, na yeye pia aliyejifanya mtaalamu pale Lodwar, aliyewaambia wenzake wa kampasi kwa kidole kilichonyooka kwamba chungwa la Kanada halitaoza kama la Kenya lilivyooza kwenye uchaguzi wa Machi, wakacheka, wakapiga meza, basi limeoza, na chini kabisa kwenye orodha ya majimbo madogo madogo, jina la mgombea wao mmoja, yule mama wa Kanada anayemwandikia Mama Liliane barua, la pili, mbele yake mwanamume mmoja mwenye tai, ameshindwa... "Umenyamaza sana leo," alisema Mama Liliane, "wewe mwenye mudomo haina kifuniko! Ni ile mashindano ya Ijumaa unawaza?" na Eugénie akajibu, "Ndiyo, Mama," na hata hilo lilikuwa uongo, maana mdahalo wa Ijumaa alikuwa ameshaumaliza kichwani tangu wiki iliyopita, hoja ya kwanza, hoja ya pili, kejeli ya kumalizia, mada ikiwa kwamba mkimbizi ana haki ya kujisemea kwa kinywa chake mwenyewe, yeye upande wa kuunga mkono, bila shaka, nani mwingine, si yeye aliyebandika karatasi kwenye ubao wa kampasi akiwatukana wakalimani wanaokula maneno ya watu, akaandika kwamba anayelitia neno la mwenzake mfukoni ni mwizi kuliko anayeiba gunia la mahindi, na karatasi ile ikasomwa mpaka ikachakaa, wasichana wa mwaka wa kwanza wakainakili, na muda wote huo, muda wote huo, fomu ya Mama Liliane imekunjwa mara nne ndani ya begi lake...

Begi lilikuwa pale mlangoni, hatua mbili, angeweza kulifikia kwa mguu, na ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta wa udongo, mama yake mzazi alikohoa halafu akaita, kwa ile sauti iliyopinda tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia, "Godé... Godé..." si Eugénie, ni Godé, Godelieve, Mama Liliane, jirani tu, mtu wa Uvira, Kongo, kama wao, lakini ndugu gani angefanya alichofanya, kila asubuhi anamgeuza, anamwosha, anampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, anamlisha uji kwa kijiko huku akimwimbia za kanisani, ili mtoto wa Mama Céline akae Lodwar asome, aje na kizungu chake cha kupasua mawe, "Nakuja, dada Céline! Namaliza kidogo, mutoto wako iko na kichwa kubwa kama tikiti!" na mama akacheka kule ndani, kicheko cha upande mmoja, na kicheko hicho kilimwingia Eugénie mahali pabaya, kwa sababu ndicho kilichokuwa sababu, kama aliyoyafanya yana sababu, hebu tuliweke mezani kama hoja, mheshimiwa spika, upande wetu unasema hivi: Godelieve akiondoka Kakuma, nani atamgeuza mama? Jibu ni moja, na jibu hilo ndilo lililokaa tumboni mwake siku ile ya Aprili, pale saiba, kibanda cha mtandao cha Lodwar, feni imezimwa kwa sababu ya jenereta, alipofungua barua pepe, yake yeye, kwa sababu Mama Liliane hana barua pepe wala hajui kizungu, alisema andika ya Eugénie, ya Eugénie ni yangu, akaisoma: wapendwa Godelieve na binti yako Liliane, kanisa letu limekubali, wote, tumewachagua ninyi mje kuishi kwetu, tafadhali wekeni sahihi hapa na hapa, mturudishie kabla ya mwisho wa Mei, na chini yake, kama mtu anayeongeza sukari, mimi mwenyewe ninagombea kwenye uchaguzi wa jimbo letu tarehe kumi na nne, mniombee, mimi ni bibi kizee na miguu inauma kwa kugonga milango ya watu. Hayo tu. Mambo mawili yasiyojuana kabisa, maana jimbo linachagua watu wa barabara zake na hospitali zake na shule zake, haliwajui wakimbizi wa Kakuma, hata angeshinda, hata angeshindwa, fomu ni fomu, na Eugénie alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika Turkana nzima, aliichapisha fomu, akaikunja, akapanda gari la Kakuma na neno moja mdomoni...

"Usitikisike! Nitakusuka mustari inaenda soko." Samahani, Mama. Na hakusema uongo, hilo ndilo alilojiambia wiki zote hizi, hakusema hata neno moja la uongo, alikaa pale pale, kwenye mkeka huu huu, akasema, "Barua imekuja, Mama Liliane, wanasema kuna uchaguzi tarehe kumi na nne, yule mama anagonga milango ya watu mpaka miguu inamuuma," akaanzia chini ya barua badala ya juu, basi, kosa la mpangilio tu, na Mama Liliane akaruka, akashika kifua, "Uchaguzi! Eeh Mungu wangu! Watachagua tarehe kumi na ine?" na papo hapo Eugénie akaona neno lilivyogeuka hewani, maana hapa kambini kuchaguliwa ni kitu kimoja tu, hakuna kingine, unasikia fulani amechaguliwa na hakuna anayeuliza kuwa diwani au mbunge, amechaguliwa maana yake jina limetoka ubaoni, anauza vitanda, anagawa masufuria, basi la kwenda kiwanja cha ndege linamsubiri, na kura nayo hivyo hivyo, kura ni kura, ya kupiga na ya kuangukia, na huyu mwanamke aliyekaa kambini miaka kumi na moja bila kumpigia mtu yeyote kura alisikia kwamba huko Kanada jimbo zima litakaa chini tarehe kumi na nne limchague yeye au limwache, na Eugénie alikuwa na nafasi ya kusema, hapana Mama, sivyo, sekunde moja ingetosha, wenzake wanajua kwamba hajawahi kuiachia sekunde mbele ya mtu aliyetumia neno vibaya, anaruka kama nyoka, hoja ya ufafanuzi!, lakini siku ile alisema tu, "Tungoje," akaliacha neno lidanganye kwa niaba yake... na Mama Liliane akangoja, akafunga siku tatu, akawaambia wanawake wa kwaya, wakaombea jimbo la British Columbia kwa jina, walilitamka Britishi Kolombiya, wakiwa wamepiga magoti kwenye vumbi, wanawake kumi na wawili na ngoma moja, wakiombea uchaguzi wa watu wa barabara na hospitali... na wiki jana ikaja barua ya pili, fupi, hatujasikia kutoka kwenu, je mko salama, muda unakwisha, na hiyo hakuichapisha.

"Ejok, Mama!" alisalimia kwa Kiturkana mwanamke wa makaa kutoka njiani, gunia kichwani, na Mama Liliane akajibu, "Ejok! Leo nitachukua debe moja, ukirudi!" kisha sauti ikashuka, ikaja karibu na sikio, vidole havikuacha, "Eugénie. Leo ni tarehe kumi na tano." Ndiyo, Mama. "Si walisema kumi na ine?" Walisema. "Basi tumechaguliwa ao bado?" na hapo nafasi ilikuwa imekuja, yenyewe, imevaa nguo, kwa sababu angesema ameshindwa, na ingekuwa kweli tupu, ingechunguzwa na mtandao wa dunia nzima ikaonekana kweli, ameshindwa, Mama, safari imekufa, si mimi, ni wapiga kura, ni Wakanada, watu ambao hawatajua maisha yao yote kwamba wamebebeshwa dhambi hii, na mama angeendelea kugeuzwa kila asubuhi, na Ijumaa angesimama mbele ya ukumbi na mistari yake mipya kichwani akashinda kikombe... alikuwa amejiwekea nadhiri, ajabu ya mtu mwenye akili, alijiambia mwanamke yule akishinda nitamtolea Mama Liliane fomu siku hiyo hiyo, kura za maoni zinasema atashinda, basi mimi si mtu mbaya, nimeahirisha tu, akauachia wema wake uamuliwe na watu wa upande wa pili wa dunia, nao wakaamua... "Ameshindwa, Mama," alisema, kwa sauti ndogo, kuelekea ardhini. "Yule mama wa Kanada ameshindwa."

Vidole vikasimama. Alivihisi kichwani, kumi, vimetulia kama ndege wamesikia kitu, na akangoja kilio, alijiandaa kwa kilio, alikuwa na la kusema juu ya kilio, pole Mama, Mungu ana mpango, maneno ya bei rahisi yaliyolala tayari chini ya ulimi, lakini Mama Liliane alisema, "Masikini ya Mungu," kisha, "Mwanamuke muzee vile. Kutembea yote ile, kugonga milango ya batu, halafu wamukatae mbele ya dunia!" kisha vidole vikaanza tena, polepole, "Tumuandikie pole. Leo leo, mbele ya kupanda gari ya Lodwar. Muandikie, Godelieve anasema usilie mama, nasi tulikuombea, labda tuliomba vibaya," na Eugénie akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka bila ruhusa, "Na wewe je, Mama?" "Mimi nini?" "Hukasiriki?" Mama Liliane akacheka kidogo, akavuta shungi, "Siye tumezoea kutochaguliwa, mutoto wangu. Yeye hajazoea. Ni yeye wa kuhurumia..."

...hajazoea, yeye hajazoea, na ni nani aliyemzoesha huyu, Eugénie aliuliza ndani yake kwa ile ghadhabu yake maarufu, ghadhabu iliyokuwa ikiwashukia maofisa na wakalimani na wenye magari meupe, ni nani amemfundisha mtu kupokea kukataliwa kama anayepokea maji ya bomba, na ghadhabu ikatafuta pa kutua, ikazunguka ofisi zote, foleni zote, mbao zote za majina, ikarudi, ikatua kwenye mkeka huu, kwenye kichwa hiki kinachosukwa bure... na lile jambo la mwisho alilolisoma nyuma ya choo, ambalo alilichekea hata pale, likarudi bila kuchekesha, kwamba kiongozi wa chama kilichoshinda, aliyelinyakua jimbo zima dhidi ya kura za maoni zote, ameangushwa kwenye kiti chake mwenyewe, ameshinda kote isipokuwa nyumbani, na aliwaza, mimi huyo, ukumbi wote wangu, vikombe vyote vyangu, na nyumbani kwangu kura ni mbili, ya mama anayegeuzwa na ya huyu anayemgeuza, na hakuna aliyeulizwa, mama hakuulizwa kama anataka mgongo wake ulindwe kwa bei hii, mama ambaye Jumapili alimtazama kwa lile jicho moja linalofumba vizuri akasema, "Barua ya Godé... haijafika tu?" na yeye akasema mtandao mbaya, Mama, na jicho halikufumba... alijaribu kutafuta hoja ya upande wa pili, kwa mazoea, mtu huandaa pande zote mbili, na mara ya kwanza tangu ajue kusema hakukuwa na upande wa pili, kulikuwa na mwisho wa Mei, wiki mbili na siku mbili, saiba ya Lodwar ina mashine ya kutuma karatasi, na kulikuwa na mtu wa kumgeuza mama ambaye hakuwa amepatikana, ambaye labda ni yeye, labda ni mwaka mmoja nje ya kampasi, labda zaidi, na woga wa hilo ulikuwa pale pale, haukupungua hata punje, ulikuwa umekaa tu kando sasa, kama mtu anayesubiri zamu yake...

"Inamisha tena, ya nyuma ndiyo imebaki," alisema Mama Liliane, na Eugénie akainamisha mpaka kidevu kikagusa kifua, mdomo ukiwa karibu kabisa na kitenge, akatafuta kizungu chake, hakikuja, akatafuta Kiswahili cha ukumbini, nacho kikakataa, akabaki na kile cha Uvira, cha jikoni, ambacho akiwa Lodwar hukificha, "Mama Liliane, ule uchaguzi haikukuwa ya kwenu. Nyinyi walisha kuwachagua, tangu Aprili. Karatasi iko na mimi. Ni mimi nilikuficha," alisema yote, lakini alisema chini, ndani ya nguo, na juu yake vidole vilikuwa vinaendelea, kulia juu ya katikati, kushoto juu ya katikati, na kule ndani mama alikuwa amenyamaza kama mtu anayesikiliza, na mwanamke wa makaa alikuwa bado anaita nyumba ya tatu...

"Rudilia," alisema Mama Liliane. "Sikusikia vizuri."