Joto la Nyumba ya Makhanu

Maneno kuhusu nyumba ya mumewe, Nabalayo aliyasikia kazini, shamba la maua pale Naivasha, akipanga waridi kwa urefu. Chepkorir, aliyesimama naye meza moja, alimwambia bila kuinua macho, "Mama Mercy, watu wanasema huko ulikoolewa, mtu akidungwa sindano ya usingizi anawaka kama visima vya mvuke. Ati hawapoi."

"Nani anasema?"

"Watu. Endelea na maua, supavaiza anakuja."

Maneno hayakumtoka. Alirudi nayo nyumbani Kihoto, akalala nayo, na siku ya kuchambua mboga za sukuma akamuuliza mama mkwe. Mama mkwe akasema mwanawe Wasike alikufa na malaria, na mke aliyeolewa hafungui makaburi ya watu. Hiyo ni kawaida kwao: aliyekufa vibaya huzungumziwa na waliozaliwa hapo peke yao, nao hawazungumzi.

Kisha binti yake Mercyline, wa gredi ya saba, akashikwa na tumbo. Daktari akasema ni apendiksi, apasuliwe leo leo. Sista akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kupata shida akipasuliwa. Makhanu, baba ya mtoto, akamwangalia mama yake. Mama yake akasema hakuna. Nabalayo alikuwa amesimama hapo, ameshika viatu vya mtoto.

Mercyline alitoka chumba cha upasuaji akitoa mvuke. Apendiksi yenyewe ilikuwa imetolewa vizuri. Kipimajoto kilipasuka, cha pili kikapasuka, sista akaacha kupima. Godoro lilianza kunuka kuungua, kwa hivyo walimhamishia kitanda cha chuma kitupu, karibu na dirisha. Mtoto alikuwa anaongea vizuri, isipokuwa misuli ilikuwa imekaza, hakuweza kukunja magoti.

"Mami, nataka kwenda nyumbani."

"Poa kwanza."

Wiki hiyo ilikuwa ya mvua na shuka za wodi zilikataa kukauka, kwa hivyo masista walizianika kwenye kitanda chake. Mama wa kitanda jirani aliegemeza sufuria ya uji kwa mguu wa Mercyline, akasema asante. Baadaye fundi wa hospitali alileta bomba, akalipitisha chini ya mgongo wa mtoto mpaka chumba cha kufulia. Hospitali ikapata maji moto. Hakuna aliyetaja tena siku ya kutoka.

Daktari wa dawa za usingizi, anaitwa Waithera, alimwita Nabalayo kando.

"Mathe, huu ugonjwa uko kwa damu. Ni nadra, lakini una dawa. Iko Nairobi. Wakubwa hawaitoi mpaka mtu wa damu aseme kuna mwingine aliugua hivi."

"Nimesikia watu wakisema."

"Wewe umezaliwa hiyo nyumba?"

"Nimeolewa."

"Basi leta aliyezaliwa."

Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, Wasike alikuja. Alivaa lile gauni la hospitali alilofia, mgongo wazi, jasho likimtiririka. Askari alimuuliza kadi, akasema amesahau, akapita. Aliketi upande wa miguu ya Mercyline. Makhanu, mdogo wake, alimpa ndizi. Wasike akasema siku hizi hasikii njaa.

"Mama," akamwambia mama yake aliyesimama hapo, "mimi sikuwa na malaria. Nilikuwa napasuliwa henia."

"Nyamaza, Wasike. Wewe ungejua aje, na ulikuwa umelala?"

"Nilisikia joto."

"Hata malaria ina joto."

Makhanu aliangalia viatu vyake, akasema yeye wakati huo alikuwa mdogo. Daktari Waithera alimsalimia Wasike kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasikitika kwamba maneno ya marehemu hayakubaliki. Nabalayo akapiga magoti pale katikati ya vitanda, mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akamwinua polepole, bila ubaya. Abby, kitindamimba wa mama mkwe, alikuwa upande wa pili akianika leso juu ya Mercyline.

"Desemba wakwe wa Abby wanakuja," mama mkwe akanong'ona. "Nikisema nyumba yangu watu hufia kwenye meza ya upasuaji, nani atamchukua? Mercy ako hai. Anachemka tu."

Wakwe walikuja, wakala, wakaridhika. Sasa Abby ameolewa, ana mimba kubwa huko Nakuru, na kliniki wamesema mtoto amelala kimshazari, lazima apasuliwe. Walipomuuliza habari ya familia, alijibu kwao ni malaria tu. Nabalayo humpigia simu kila jioni. Simu hupokelewa na mama mkwe, aliyehamia huko kumsaidia.

Mercyline bado yuko kwa kile kitanda cha chuma. Amejifunza kulala na bomba.

Wewe mwenye mtoto, shika haya:

Usiite malaria kitu ambacho si malaria.

Usipeleke mtoto kupasuliwa kabla hujajua kila aliyefia mezani, upande wa baba na wa mama. Uliza hata wakikukasirikia.

Usingoje waliozaliwa hiyo nyumba wakusemee. Mtoto ulimzaa wewe.

Usitegemee marehemu. Wanasema ukweli lakini hauandikwi.

Ukiulizwa kama kuna mtu, usiseme hakuna. Na usikubali mwingine aseme hakuna nawe umesimama hapo.