Jua Upande wa Kushoto

Mama Upepo hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika husema, akishasema husahau, na wewe uliyesemwa ubaki unajiuguza. Lakini siku ya mbio za mwisho za msimu alinuna tangu alipoingia gereji, na sababu ya kununa kwake ilikuwa imesimama pale pale, imevaa suti ya mbio, inakunywa chai. Mkwe wake.

Mkwe ndiye aliyekuwa dereva wa timu. Mama Upepo ndiye fundi wa matairi, tena tangu enzi ambazo huyo mkwe hajui hata kuendesha baiskeli. Walielewana vizuri kazini, utani kidogo, heshima nyingi. Balaa lilianza jana yake jioni. Binti yake alimpigia simu, akazunguka weee, mara habari za goti la mama yake, mara habari za majirani, mwisho akalitapika: timu kubwa ya ng'ambo inamtaka mume wake. Mtu wao atakuja kutazama mbio. Akimaliza katika watatu wa kwanza wanamchukua, na familia inahama.

"Familia gani?" aliuliza Mama Upepo, utadhani hajui.

"Mimi na mtoto, mama."

Mtoto! Mjukuu wake wa pekee, ambaye halali mchana mpaka bibi ampigepige mgongoni. Basi Mama Upepo hakulala, na asubuhi mkwe alipomsogelea na kikombe chake, alimkuta mkali kama kiwembe.

"Mama, umeamkaje? Nilitaka nikuambie mwenyewe..."

"Nimeamka. Kunywa chai yako, itapoa."

Mkwe akanywea. Mama Upepo akaona gereji imembana, hewa haitoshi. Akausukuma mlango mkubwa ukafunguka mpaka mwisho, akajishughulisha na vifaa vyake saa nzima na zaidi, ndipo akapiga magoti kando ya gari na kipimo chake cha upepo.

Sasa, tairi la mbio lina madaha kuliko bibi harusi. Lami ikiwa baridi, linateleza. Lami ikichemka, linalainika na kuanza kumeguka. Katikati hapo pana nafasi ndogo tu ambapo linashika sawasawa, na kinacholiweka hapo ni upepo uliomo ndani. Ukipungua kidogo tu, tairi linajikunja kila kona, linapata moto, na kabla mbio hazijafika nusu limekwisha. Mama Upepo alipima ya kulia, yakawa kama anavyotaka. Akapima ya kushoto, yakawa yamezidi.

"Nani kayajaza haya? Watu hawana macho?" akafoka, maana alikuwa anatafuta wa kumfokea. Akayatoa upepo mpaka yakalingana na ya kulia, akanyanyuka, akaenda zake kunawa mikono.

Magari yalipotoka kwenda kujipanga, alirudi ndani kuchukua kofia. Alikuwa anaiokota pale sakafuni macho yake yalipoangukia mwanga. Jua lilikuwa limeingia kwa ule mlango aliousukuma yeye, likakata sakafu katikati. Upande wa kulia, kivuli. Upande wa kushoto, pale matairi ya kushoto yalipokuwa yamekaa tangu mlango ufunguliwe, jua kali. Akaweka kiganja. Sakafu ilimuunguza.

Loo! Hayakuwa yamejazwa kupita kiasi hata kidogo. Yaliota jua, upepo ndani yake ukavimba, naye akautoa. Sasa yako barabarani pamoja na ya kulia, joto ni moja, na ya kushoto yamepungukiwa. Wakati wa kupima, mlango hufungwa. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe, na amewagombeza watu wazima kwa sheria hiyo mpaka wakatoa machozi. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Akageuka atoke mbio. Kisha hakutoka.

Kwani nani angejua? Gari lisingepinduka, mkwe asingeumia. Matairi yangechoka mapema tu, gari lingeanza kuteleza, angemaliza wa sita, wa saba. Mtu wa ng'ambo angekunja mwavuli wake wa jua na kwenda. Na kesho mchana mtoto angelala kwa bibi yake, kama siku zote. Mama Upepo alikaa juu ya rundo la matairi makuukuu, kofia mapajani. Alikaa, Mungu ni shahidi, na wala roho haikumsuta upesi kama tunavyopenda kuhadithiana.

Redio ya timu ilikuwa juu ya meza, inakoroma. Akamsikia mkuu wa timu akiuliza, "Dereva, lami imechemka leo kuliko jana. Tuyapime upya matairi kabla king'ora hakijalia?"

Na sauti ya mkwe, haina wasiwasi wowote: "Ya nini? Kayapima mama mwenyewe."

Basi. Mama Upepo alinyakua mtungi mdogo wa hewa, akatoka. Kukimbia kwenyewe, na goti lile, ilikuwa kuchechemea kwa fujo, lakini alifika watu wakiwa bado wamelizunguka gari.

"Nimekosea!" alisema, na alisema kwa sauti. "Ya kushoto niliyapima yakiwa juani. Nipisheni."

Mkuu wa timu akampisha. Mama Upepo akapiga magoti juu ya lami ya moto, akapima kulia, akajaza kushoto, akapima tena. Mkwe alimtazama kutoka ndani ya kofia ngumu.

"Mama, taratibu. Goti."

"Goti si lako. Angalia mbele."

King'ora kikalia, magari yakaondoka yakamwacha.

Siku hiyo lami ilitafuna matairi ya watu. Waliotoka kwa pupa walianza kuserereka kwenye kona mbio zikiwa changa. Mkwe hakuwa na pupa. Aliyatunza matairi yake, akapita mmoja, akapita mwingine, akamaliza wa tatu, na mtu wa ng'ambo akashuka ngazi kuja kumshika mkono.

Jioni ilipotulia gereji, Mama Upepo alikuwa anapima matairi yale yale, kama afanyavyo kila baada ya mbio. Mkwe akaja akakaa sakafuni karibu naye.

"Mama, ungenyamaza, nani angejua?"

"Nilinyamaza. Nilikaa pale, juu ya yale matairi, nikanyamaza."

Mkwe aligeuka kulitazama lile rundo.

"Nikamwona mtoto amelala kwangu," akaendelea Mama Upepo. "Nikaona raha. Halafu wewe na mdomo wako: 'Kayapima mama mwenyewe.'" Hapo machozi yakamtoka, wala hakujificha. Mkwe akamshika bega, akalia naye.

Simu ikaita. Binti.

"Mama! Simpati mwenzangu. Amekuwa wa ngapi?"

Mkwe akanyoosha mkono aipokee yeye. Mama Upepo akamkatalia kwa kichwa.

"Wa tatu, mwanangu. Anza kufunga mizigo." Upande wa pili, kwa mbali, mtoto akasikika analia kwa usingizi. "Na huyo usimpigepige kwa vidole, vinamwamsha. Weka kiganja kizima. Haya, weka sasa hivi, niko hapa nasikiliza."