Kitufe cha Kujikinga

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu yasiyo na haraka, yale yasiyokulowesha upesi wala kukuacha ukauke, na mawingu yalikuwa yamekaa chini, karibu kugusa mapaa. Mwalimu wetu wa darasa la jioni hutuambia tuanze na siku na hali ya hewa, ili msomaji ajue tumesimama wapi. Basi mimi nilikuwa nimesimama kwenye lango la hospitali, nimetoka zamu ya usiku katika chumba cha kufulia mashuka, vidole vimekunjamana kwa maji, macho mazito kama mifuko ya saruji iliyonyeshewa. Sikwenda kulala. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa anapigana na mashine.

Watu humwita Nyundo. Ni bondia, na tangu aanze ngumi hajawahi kukubali kujifunza kujikinga. Husema mikono miwili aliyopewa na Mungu ni ya kutoa, si ya kupokea. Ameshinda mapambano mengi kwa namna hiyo, na kila aliposhinda alirudi nyumbani uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Mama humkalisha kwenye kigoda, hulowesha kitambaa na kumfuta chini ya macho, taratibu, kama anavyofutwa mtoto mchanga. Mimi huchukua bukta yake kwenda kuiloweka. Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiwa na pupa ukatumia ya moto, inaganda kwenye uzi na haitoki tena. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Mwezi Januari daktari alimulika jicho lake la kushoto, akatuambia kwamba pazia la ndani ya jicho limeanza kubanduka. Konde moja tu hapo, alisema, na jicho litazima lisiwake tena. Nyundo akamshukuru kwa adabu zote. Haukupita muda, Kocha wake akaja nyumbani na habari ya pambano la Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi.

Tuligombana mpaka tukaishiwa maneno. Nilisali asubuhi, nilisali nikisukuma toroli la mashuka, nilisali nikila. Mwishowe Mama akamwambia, "Asiyejikinga hashindi, mwanangu. Anaahirisha tu kushindwa."

Nyundo akacheka. "Mama, unalijua lile gemu la ngumi pale kwa Fundi? Nikimpiga bingwa wake wa mwisho bila kujikinga hata mara moja, mtaniacha nipande ulingoni Jumamosi?"

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, glavu nazitundika."

Mama alinitazama. Mimi nikaenda kwanza kumuuliza Fundi, jirani yetu aliyekuwa akitengeneza redio na sasa ana kibanda cha gemu. Fundi alijikuna kidevu. "Bingwa yule? Dada yangu, hapa watu wanajikinga mpaka vidole vinaota sugu, na bado anawalaza. Bila kujikinga ni kama kwenda kuoga baharini na sabuni ya karatasi." Nikarudi nyumbani na moyo mwepesi, nikamwambia Mama akubali. Tukakubali. Tulidhani tumemtega.

Kwa hiyo asubuhi ile ya manyunyu nilikwenda moja kwa moja kibandani. Mama alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wote. Nyuma yake vijana wamejazana kwenye benchi. Kocha alisimama mlangoni na mwavuli, akitazama saa, maana alitaka kumpeleka Nyundo kupimwa uzito siku hiyohiyo.

Fundi alitaka kila kitu kiwe cha haki. Aliifungua pedi ya kuchezea kwa bisibisi, akang'oa kitufe cha kujikinga, akakichukua kile kidude cheusi na kuniwekea kiganjani. "Shika, Dada. Sasa hata akitaka, hana."

"Sitataka," alisema Nyundo, akaketi.

Nilifumba mkono juu ya kitufe na kusali sala fupi, kwa sababu ndefu ningelala katikati yake. Nilimwomba Mungu mdogo wangu ashindwe. Sikujua kama sala ya namna hiyo inaruhusiwa, lakini niliitoa ilivyo.

Wapinzani wa kwanza walikuwa wepesi. Nyundo aliwapiga kabla hawajainua mikono, na vijana wakawa wanahesabu kwa sauti kila mmoja alipolala. Akaja mmoja mnene, tumbo limemwagikia mkanda.

"Huyu naye ana mke kweli?" Mama akauliza.

"Ana wawili, Bibi," kijana mmoja akajibu. "Ndiyo maana amekuja kupumzika ulingoni."

Kibanda kizima kikacheka, hata Kocha. Mimi pia nilicheka, kicheko cha mtu mwenye usingizi, kinachoanza vizuri na kuishia katika mwayo.

Kisha akaja Bingwa. Alikuwa mrefu, mkavu, hana maneno. Konde lake la kwanza lilimwangusha chali mtu wa Nyundo, yule wa kwenye kioo aliyekuwa akimwendesha kwa vitufe.

"Mjomba, jikinge!" vijana wa benchi wakapaza sauti.

"Kwa nini? Kitufe anacho dada yake!"

"Mjomba leo unakunywa ngumi kama uji!"

Nyundo alibonyeza haraka haraka, mtu wake akainuka. Akapigwa tena, akainuka tena. Nilianza kuhisi mabega yangu yakilegea. Inakwisha, nikajiambia. Nitakwenda kulala.

Lakini mdogo wangu ni bondia kweli. Raundi ya pili alianza kuona jambo ambalo wale vijana hawakuwahi kuliona. Kabla ya kutupa konde kubwa, Bingwa alikuwa anashusha bega kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Nyundo akawa haogopi tena konde lenyewe. Anangoja bega. Likishuka tu, anapiga wa kwanza. Alikula makonde mengine mengi, ambayo mwenye kujikinga asingeyala, lakini kila alilokula alilipa mara mbili. Fundi akaacha kujikuna kidevu. Raundi ya mwisho bega likashuka, Nyundo akapiga, na yule mtu mrefu akaenda chini polepole. Mwamuzi wa kwenye kioo akahesabu mpaka mwisho.

Vijana walilipuka. Walimbeba Nyundo na kiti chake. Kocha alikunja mwavuli. Mimi nilibaki nimekaa na kitufe mkononi, kimeniachia alama kiganjani, na sikuwa na nguvu hata ya kulia. Ahadi ni deni, na sisi ndio tuliokubali. Nilikuwa nimeomba jambo moja tu.

Lile gemu lina tabia yake: huchora majeraha. Kila konde linaacha alama, na mwishoni picha humsogelea mshindi ili watazamaji wamwone vizuri. Basi kioo chote kikajaa uso wa mtu wa Nyundo. Mkanda wa ubingwa ulikuwa begani. Mdomo umepasuka, shavu limevimba mpaka limesukuma pua upande, na jicho la kushoto limefunga kabisa. Anatabasamu, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta makofi yanatoka wapi.

Mama aliinuka. Aliishika ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akailowesha kwa maji ya chupa aliyokuwa nayo, akaenda mpaka kwenye kioo, na kuanza kumfuta yule mtu chini ya jicho. Taratibu, kutoka puani kwenda sikioni, kama anavyofanya siku zote.

Kijana mmoja alicheka. Mwenzake akampiga kiwiko.

Nyundo alishuka kutoka mabegani mwa watu. "Mama," alisema. "Mama, hicho ni kioo."

"Najua ni kioo, mwanangu," Mama alisema bila kugeuka. "Mkono ndio haujui."

Akaendelea kufuta. Maji yalikuwa yanachuruzika juu ya uso ule, na uso haukubadilika.

Kocha alikohoa mlangoni. "Nyundo, dau ni dau. Umeshinda, hakuna wa kukuzuia. Mizani inatungoja."

Nyundo hakwenda. Alisimama karibu na Mama akitazama kioo, na nikaona anageuza kichwa kizima ili jicho la kulia lifike pale alipo Mama, kwa sababu Mama alikuwa kushoto kwake. Nilikuwa nimemwona akigeuza kichwa hivyo nyumbani kwa wiki kadhaa, mezani, mlangoni. Nilikuwa nimechoka mno kuuliza.

"Fundi," alisema, "nikianza gemu jipya, uso wa huyu unakuwaje?"

"Unarudi mwanzo," Fundi alijibu. "Safi kama yai."

"Hata jicho?"

"Hata jicho. Ni mashine, ndugu yangu."

"Safi kama yai," Nyundo alirudia. Akagusa nyusi yake ya kushoto, pale penye makovu yaliyopandana. Manyunyu yaligonga bati juu yetu. Kisha akaushika mkono wa Mama uliokuwa na kitambaa, akautoa kwenye kioo.

"Dada, lete hicho kidude."

Nikampa kitufe. Alikigeuza kati ya vidole vyake vinene, akampa Fundi. "Kirudishe mahali pake, watoto wasije wakaiga." Halafu akamgeukia Kocha. "Kocha, samahani kwa kukusimamisha na mvua. Mwambie mwenye pambano atafute mtu mwingine."

"Lakini umeshinda!"

"Nimeshinda. Mtazame mshindi."

Kocha alitazama kioo. Alifungua mwavuli, akaufunga tena, akabaki palepale.

"Umesema nini?" Mama akauliza. "Sema nisikie. Na hawa wasikie. Ukisema nyumbani utakuja kusema ulikuwa usingizini."

Vijana wa benchi wakasimama bila kuambiwa. Nami nikasimama, nikaegemea ukuta. Moyoni nilikuwa nimekwisha anza kushukuru, na sikuweza kupata maneno zaidi ya "asante, asante," kama mtoto anayejifunza neno lake la kwanza.

Nyundo alinyoosha mabega, kama anavyofanya kengele inapolia.

"Mbele ya mama yangu," alisema, "na dada yangu ambaye hajalala tangu jana, na Kocha aliyenilea kwenye ngumi, na Fundi, na ninyi nyote: sipandi ulingoni Jumamosi, wala siku nyingine yoyote. Glavu nazitundika leo. Na Jumatatu nakwenda na Dada kwa daktari, nikae kwenye kile kiti chake cha kupimia macho, nifanyiwe atakavyosema. Mungu ni shahidi, na ninyi ni mashahidi."