Bangili Kumi za Munira

Munira alizitoa bangili zake kwa sabuni. Zilikuwa kumi, tano kila mkono, na tangu siku ya harusi hazikuwahi kuvuliwa, kwa hiyo mpaka ya mwisho inaanguka ndani ya bakuli mikono ilikuwa imechubuka. Kisha akakigeuza kioo kikaelekea ukutani, akavaa nguo nyeupe, akaketi mkekani chumbani kwake. Kabla ya adhuhuri Kiegeani nzima ilikuwa na habari: Munira kakaa eda.

Eda ya nani? Hapo ndipo midomo ilipopata kazi. Mumewe, Mkadam, dereva wa lori, alipeleka shehena ya chumvi Rwanda mwaka tisini na nne, akamwacha na mimba, asirudi tena. Miezi ilipopita bila barua, Mashavu, dada yake Mkadam, akasema amesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu kwamba ndugu yake kaoa hukohuko, ana watoto, na kanenepa. Mashavu hakuwa na roho mbaya. Alitaka ndugu yake awe hai, na hiyo ndiyo njia aliyoiona.

Lakini Munira aliyaamini maneno hayo. Miaka thelathini na moja, kila Ijumaa baada ya sala, aliinua mikono akamwomba Mungu amlipe Mkadam kwa alichomtenda. Shaibu seremala, mtu mpole na mzuri wa sura, alileta posa akajibiwa kwamba huyu ni mke wa mtu. Kwa kadhi Munira hakutaka kwenda. Talaka yake aliitaka itoke kinywani mwa Mkadam mwenyewe, amtazame usoni.

Ndiyo maana mwezi uliopita, binti yake Muna, mwalimu, alipoitwa semina Kigali, Munira alisema, "Na mimi nakwenda." Njia nzima kwenye basi alikuwa akipanga maneno atakayomwambia huyo mwanamume na huyo mwanamke wake.

Siku ya pili, wenyeji wa semina waliwapeleka wageni kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Munira alikwenda kwa adabu tu. Ndani kulikuwa na chumba cha picha zilizoning'inizwa kwa nyuzi, zilizoletwa na ndugu wa marehemu: watu harusini, watu wanacheka, watu wamepakata watoto. Alipita polepole akiwasikitikia wana wa watu. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kofia. Aliishona yeye mwenyewe miezi saba, na safu ya mwisho aliimalizia kwa uzi wa buluu kwa sababu mweupe ulimwishia. Chini ya kofia alikuwa Mkadam, ameegemea lori, anacheka.

Mama mwangalizi wa jumba akafungua kitabu, akawasomea. Picha ililetwa na bibi mmoja wa Nyamirambo, aliyempangisha chumba. Madereva wa kigeni walipewa nafasi ya kuondoka. Mkadam alikataa kuwaacha wajukuu wanne wa yule bibi, akawaficha ndani ya lori. Walikutwa Ijumaa ya pili tangu mauaji yaanze. Hakupona hata mmoja.

Munira hakuyasikia yaliyofuata. Alikuwa akizihesabu Ijumaa zake.

Sasa, siku hii aliyovua bangili, Sheikh Mbaraka, imamu, aliyeitwa na Mashavu, alisimama nje ya pazia la chumba.

"Shikamoo, sheikh," Munira alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira. Alifariki lini?"

Munira akamwambia.

"Na wewe ulikuwa na mimba?"

"Ya Muna."

Sheikh akalisogelea pazia. "Eda huanza siku mume anapokufa, mwanangu, si siku habari inapofika. Na ya mwenye mimba huisha anapojifungua. Yako ilikwisha siku uliyomzaa Muna."

"Siku hiyo nilikuwa namlaani, sheikh! Nimelala kitandani, mtoto kifuani, namlaani!"

"Hukujua."

"Ile miezi minne ya eda siitaki. Nipe zile siku kumi za mwisho. Kumi tu, nimkalie mume wangu."

"Si zangu kuzitoa, Munira. Mwombee dua." Akaondoka, na kina mama waliokuja kumkalia wakaanza kukunja mikeka.

Mashavu akaingia na bakuli la bangili, macho chini. "Vaa, wifi. Huna eda."

"Nimemlaani maiti, Mashavu. Ijumaa zote hizo, kwa neno lako."

Mashavu akapiga magoti, akalia kwa kwikwi. Munira aliitafuta hasira aliyoifuga miaka yote ile, asiione. Kilichobaki ni uchungu mtupu, na hapakuwa na siku hata moja ya kuuweka. Akaunyoosha mkono uliochubuka.

"Nivishe moja."

Mashavu akamvisha, taratibu, Munira akiuma meno. Alipotaka kuchukua ya pili, Munira akaukunja mkono.

"Hiyo ya kesho."

Mashavu akatazama ndani ya bakuli. Zilikuwa zimebaki tisa. Akalifunika kwa upande wa kanga yake, akaliweka chini ya kitanda, akaenda kuufunga mlango.