Viganja vya Osward

"Nivue kitambaa," mama yangu aliniambia. "Baraka haipiti kwenye nguo."

Nilimfungua. Nywele zilikuwa zimebaki chache, zimelala kichwani kama pamba iliyosahauliwa shambani baada ya mavuno. Mwanangu Osward alisimama mlangoni, mikono mifukoni, vumbi la barabara ya Kasokola limemjaa hadi kwenye nyusi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi ni muuguzi, nina stashahada na miaka ishirini na mbili ya wodini, na pumzi zile za mama nilizijua: kesho asingeiona. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, mjukuu wake padre amwekee mikono. Kazi ya dakika moja. Tatizo ni kwamba Osward hakuwa padre.

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema ili nisizunguke.

Osward alipochaguliwa kusoma falsafa katika chuo kikuu cha umma, Dar es Salaam, mimi nilikuwa nimeshamwona kwenye koti jeupe la mfamasia. Nilimuuliza falsafa inatibu nini. Akacheka, akasema haitibu, inauliza. Nikamwambia wanaouliza tunao tele, wanapanga foleni dirishani kwangu kila asubuhi. Akaenda hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata nikafika Kasokola kumweleza mama yangu, Pudensiana, kwamba mjukuu wake amepata chuo, anasoma falsafa. Akapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

Sikuelewa mara moja. Kwa mama yangu, aliyefagia kanisa la kigango chao tangu usichana, wanaosoma falsafa ni mafrateri, vijana wa seminari. Wanasoma falsafa, kisha teolojia, kisha wanarudi wamevaa kola. Falsafa nyingine hakuwahi kuisikia. Na tangu Osward anabebwa mgongoni alikuwa akimwita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu. Siku ile alijipiga paja.

"Basi nimeachika," akasema. "Mungu kaninyang'anya mume."

Alicheka hadi akafuta macho, na tangu hapo akawa anamtaja kama Baba Padre.

Sentensi moja ingetosha kumsahihisha. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa na zamu ya mchana, nilikuwa nimechoka kueleza falsafa kwa majirani, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuifurahia. Nikanyamaza. Baada ya hapo kila nililomwambia lilikuwa kweli: amefaulu mwaka wa kwanza, anasoma vitabu vinene, amemaliza. Aliposikia amemaliza aliuliza mbona hakuitwa kwenye sherehe. Nikajibu sherehe ilikuwa Dar es Salaam, mbali, na miguu yako hiyo. Nayo ilikuwepo, ya mahafali. Alikuwa ameshadarizi kitambaa cheupe cha altare kabla macho hayajaingia ukungu. Akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Osward alipogundua bibi yake anamdhania padre, hatukulala kwa ugomvi. Utafiti wake wa mwisho chuoni ulikuwa juu ya uongo, kama kuna uongo ulio mwema. Kurasa sitini. Nilimuuliza jibu ni lipi, maana sina muda wa kurasa sitini.

"Ukimdanganya mtu kwa faida yake," akasema, "umeshaamua kwamba yeye si mtu mzima. Umemfanya chombo."

"Kamwambie basi. Kamuue bibi yako kwa utafiti."

Hakwenda kumwambia. Akaacha tu kwenda Kasokola. Miaka miwili hakukanyaga pale, kwa sababu angefika ingebidi aitikie jina lisilo lake.

Miaka hiyo miwili tulisoma matangazo ya kazi pamoja, simu yangu na yake. Walitakiwa wahasibu, walimu wa fizikia, maafisa ugani, madereva. Falsafa hatukuiona hata mara moja. Aliandika barua, akasubiri, akaandika nyingine. Alikonda. Mwishowe Lidia, rafiki yangu mwenye steshenari pale mtaani kwetu Shanwe, akampa kiti mbele ya kompyuta awachapie watu barua zao za kuomba kazi. Hata huko hakutulia. Vijana walikuja kutaka barua za uzoefu kutoka sehemu ambazo hawajawahi kufanya kazi, naye akawauliza kwa nini, kwa upole, mpaka wakaondoka.

"Dada," Lidia aliniambia, "mwanao ananifukuzia wateja kwa ukweli."

Nilimgombeza nyumbani. Nilimwambia nimechoka na "kwa nini" zake.

Basi asubuhi ile ya Kasokola nilimpigia simu aje, na alikuja bila kuuliza. Alijua.

"Baba Padre," mama yangu aliita. "Sogea."

Osward alitoa mikono mifukoni, akapiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, ni mimi," akasema polepole. "Mume wako."

Nilielewa anachofanya. Alikuwa ametafuta mlango mdogo kuliko yote wa kupitishia ukweli, asivunje kitu. Mama yangu akatabasamu.

"Usinitanie saa hizi, baba. Nibariki nipumzike."

Osward akanigeukia. Nimetazamwa hivyo na wagonjwa kabla ya kukatwa mguu. Nilimshika kifundo cha mkono kama ninavyomshika mtoto anayegoma sindano, nikamwambia sikioni, "Weka mkono. Vitabu vyako utavirudia kesho."

Aliuweka. Alisema maneno yote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, sauti imenyooka, haikutetemeka popote. Kisha mama yangu akavuta mikono miwili ya Osward, akavibusu viganja, kimoja kimoja, kama waumini wanavyombusu padre mpya. Alikufa jioni ile, jua halijazama. Nimeona wengi wakifa. Wachache walikufa vizuri namna ile. Tulimzika na kitambaa chake cheupe kifuani.

Nilisubiri ugomvi. Majibu nilikuwa nimeshayapanga. Haukuja. Osward alirudi Shanwe, akafungasha vitabu vyake kwenye boksi la glovu, akasukumia chini ya kitanda. Nikimwambia kula, anakula. Nilimwambia akakae Majimoto kwa mjomba wake msimu wa mpunga, akasema sawa. Nikabadili mawazo, akasema sawa.

Mwezi wa pili baada ya mazishi Lidia alinisimamisha sokoni, anacheka. Wateja wamerudi. "Sasa kakomaa, dada. Anawauliza tu, unataka niandike nini, anaandika." Kijana asiyewahi kushika ufunguo wa stoo alitoka pale na barua ya miaka mitano ya utunzaji stoo, imenyooka, haina kosa hata la nukta.

Nilimpitia mchana mmoja, duka halina mtu. Nilisimama mbele ya meza yake na sare yangu ya kazini. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Osward. Siku ile nilikukosea?"

Aliinua uso. Haukuwa na hasira, wala hakuniangalia vibaya. Vidole vilibaki juu ya vitufe, viganja vimetazama chini.

"Unataka nijibu nini, mama?"

Nikabaki nimesimama pale, kama wanavyosimama wateja wote, nikitafuta maneno.