Swali la Tisa

Ulianza mluzi. Kabla Onésime hajainua macho kutoka kwenye shuka aliyokuwa akiichomeka chini ya godoro, aliusikia ukipanda kutoka chini: sauti tatu fupi, kimya, kisha moja ndefu iliyoshuka polepole kama mtu aliyechoka anapoketi. Alidhani ni fundi fulani anaita mwenzake. Lakini mgonjwa wake, Papa Kabamba, ambaye tangu asubuhi hakugeuza shingo hata kwa ajili ya supu, aligeuza kichwa kuelekea dirishani.

"Fungula dirisha," alisema.

"Papa, inje kuko baridi mubaya."

"Mi niko na kidonda ya muguu, haiko ya masikio. Fungula."

Onésime akafungua. Ghorofa tatu chini, katika maegesho ya hospitali ile kubwa ya Jette, Ubelgiji, mwanaume mrefu mwenye koti la kahawia alikuwa amesimama katikati ya magari mawili, mfuko wa plastiki mkononi, uso ameuinua juu. Akapiga tena mluzi. Mzee akakunja midomo ajibu, ikatoka pumzi tupu.

"Dawa zenu zimenikausha," alinung'unika. "Hata mluzi imekataa."

"Ule ni nani, papa?"

"Antoine."

"Ndugu yako?"

Kabamba alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Vile njo tuliambia mwenye nyumba. Miaka onze, kumi na moja nzima, anaamini. Mubeleji akiona bantu weusi wawili, kwake ni mama moja tu."

Onésime hakucheka. Alishika ukingo wa dirisha, akahisi baridi ikimwingia viganjani. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mtoto wa Bukavu, msaidizi wa wauguzi mwenye koti jeupe linalopigwa pasi kila asubuhi, na alijua kufunga uso wake kama watu wanavyofunga mlango. Aliufunga.

"Mbona hapandi?"

"Anapandaka. Kila siku. Viviane, muuguzi ya hapa, anamurudisha kwa ngazi. Famille seulement, anasema, jamaa tu." Mzee alimtazama. "Na weye njo unajua sababu gani."

"Mimi?"

"Mwezi wa tatu. Kule chini, kwa docteur ya sukari. Ulikuja na kalamu."

Onésime akakumbuka, na lile koti jeupe likawa zito ghafla.

Mwaka ule wa tisini na tano, Daktari Cécile alikuwa akifanya utafiti juu ya wanaume wanaoishi na wanaume na wanawake wanaoishi na wanawake: hospitali inawapokeaje, wanaficha nini, nini kinawapata wakificha. Majibu yangetumika kuandaa mafunzo ya wauguzi wote kuanzia Januari. Kila mgonjwa wa nje alipewa fomu. Wageni walipewa mtu wa lugha yao, na wa Kiswahili alikuwa Onésime. Alijaza fomu arobaini na tatu.

Swali la tisa liliuliza kama mgonjwa anaishi, au amewahi kuishi kimapenzi, na mtu wa jinsia yake. Chini yake, kwa herufi ndogo: kama jibu ni hapana, ruka hadi swali la kumi na tano.

Na pale ndipo Onésime alipofanya alilofanya. Mbele yake alikaa papa wa watu, kofia magotini, viatu vimepakwa rangi. Papa haulizwi analala na nani. Maman ndiyo kabisa. Mtoto aliyelelewa vizuri akifika kwenye neno kama hilo hushusha macho na kupita. Basi alishusha macho, akatia alama kwenye "hapana" kwa mkono wake mwenyewe, akaruka. Mara arobaini na tatu. Hilo aliliita heshima. Ile fomu ya kwanza kabisa, ya majaribio, daktari alipomwomba ajijazie yeye mwenyewe ili azoee, pia aliweka "hapana". Ile hakuwa na jina la kuiita.

"Mi nilikuwa clerc, karani, miaka ishirini," alisema Kabamba. "Kule Lubumbashi, bureau ya chemin de fer, ya reli. Karatasi ya kupinduka naisoma kama ya kunyooka. Niliona swali. Nikaona kalamu inaenda pekee yake. Tac! Non."

"Papa, kama unasoma Kifaransa, kwa nini ulitaka muntu wa Kiswahili?"

"Juu ya kusikia Kiswahili. Antoine tu njo anazungumuzaka na mi. Nikasema, bon, leo nitasikia ya mutu mwingine." Mzee alilamba midomo. "Na ile swali, nilikuwa nimeishatayarisha jibu. Nimeona inakuja: ya saba, ya nane. Moyo inapiga. Miaka cinquante-huit hakuna mutu aliniuliza. Nikasema, huyu mutoto ya kwetu ataniuliza, na mi nitasema. Na weye ukaruka."

Onésime alitazama nje. Chini, Antoine alikuwa akipuliza vidole vyake.

"Pardon, papa."

"Pardon yako ishuke chini ichukue ule mufuko. Kuko soksi."

Alishuka kwa ngazi, kwa sababu kwenye lifti kuna kioo.

Kwa karibu, Antoine alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, ndevu zimenyolewa vizuri, macho mekundu kwa upepo. Hakumpa mfuko mara moja.

"Weye ni wa kule juu? Watakata lini?"

"Vendredi, Ijumaa asubuhi. Vidole, labda na kisigino. Docteur ataona."

"Ataona." Antoine alitema neno hilo. "Mi niliona tangu mwezi wa sita. Miaka mbili njo mi namufunga ile muguu, kila magaribi, na maji ya chumvi ya moto. Ya moto sana, juu nilifikiri moto inaua uchafu. Sasa wananiambia kwa téléphone, moto inaunguza ngozi ya mutu wa sukari na yeye hasikii. Nani aliniambia mbele? Walimufundisha yeye, eti anaishi pekee yake. Yeye hata kuinama haweze!"

Onésime alilijua swali la kumi na moja kwa moyo: nani anakusaidia na dawa nyumbani? Lilikuwa katikati ya tisa na kumi na tano. Na daktari, fomu ikionyesha mtu kama huyo, alikuwa akimwita huyo mtu na kumwonyesha, kwa maji ya vuguvugu na bandeji safi, jinsi ya kufanya. Kwa wengine alifanya hivyo. Onésime alikuwa ameona.

"Tonton," alisema, "unaweza kuambia Viviane wewe ni ndugu yake. Ataacha upite."

Antoine akamtazama kama mtu aliyekanyagwa.

"Miaka onze nilisema ndugu. Kwa mwenye nyumba, kwa kanisa, kwa majirani. Sasa wanataka kumukata, na mi niingie pale na uongo tena? Akiamuka na muguu nusu, aone kaka? Hapana. Nitapiga mluzi." Akamsukumia mfuko. "Soksi ni ya sufu. Mwambie avalie ile muguu yenye iko muzima."

Akarudi katikati ya yale magari mawili. Onésime alisimama kidogo na mfuko kifuani. Ulikuwa na joto la mkono wa mtu. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumpa kitu kilichokuwa bado na joto. Kule Etterbeek alikokaa, chumba chake kilikuwa na kiti kimoja. Alikuwa na vijiko viwili, na kimoja hakijawahi kutumika. Jumapili baada ya ibada akina mama wa kwaya walimzunguka: "Onésime, bibi iko wapi? Unangojea tukuchagulie?" Naye alicheka pamoja nao, akapanda tramu, akacheka peke yake kituo kimoja zaidi ili uso usishuke haraka.

Daktari Cécile alimkuta kwenye korido ya ghorofa ya tatu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa haraka haraka, miwani kichwani, na kila alipozungumza Kifaransa chake alimtafutia Onésime maneno mepesi bila kuombwa.

"Nilikuwa nakutafuta! Njoo uone." Akafungua faili juu ya toroli la dawa. Jedwali la mistari na safu, na kwenye mstari wa Kiswahili, safu ya tisa, sifuri. "Arobaini na tatu, na hakuna hata mmoja. Nilishangaa, lakini namba ni namba. Kesho saa tatu tunaamua mafunzo. Nadhani ile sehemu ya wageni kutoka kwenu tutaiondoa. Hakuna haja ya kuwafundisha wauguzi jambo lisilokuwepo, sivyo?"

Alingoja. Kwa kweli alingoja. Hakuwa mtu mbaya. Miwani yake ilishuka puani yenyewe, akairudisha.

Onésime aliitazama ile sifuri. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, duara safi. Ndani yake alikuwemo mzee aliyesubiri miaka hamsini na minane kuulizwa. Alikuwemo yeye. Na wengine wangapi? Hakujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu yeye alikuwa na adabu. Alifungua kinywa. Mwishoni mwa korido alipita mama wa kwaya anayesafisha sakafu, ndoo mkononi, akampungia. Onésime akampungia.

"Sivyo, Onésime?"

"Ndiyo, daktari," alisema.

Daktari akafunga faili, akamshukuru kwa kazi nzuri, akaenda. Visigino vyake vilisikika hadi kwenye mlango wa lifti.

Kazi nzuri. Hasira ilimpanda Onésime taratibu, na ilikuwa hasira safi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuitupia. Si Mbelgiji. Si Viviane, aliyefuata fomu. Fomu ilikuwa ya mkono wake. Alikuwa amewafuta watu wake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kalamu ya buluu, akainama kila mara kuwasaidia kuvaa makoti yao.

Aliingia kwenye chumba cha wauguzi, akachomoa fomu tupu kutoka kwenye rafu. Akasita. Akachomoa ya pili.

Papa Kabamba alikuwa macho. Dirisha lilikuwa bado wazi, chumba baridi kama sokoni alfajiri. Onésime aliweka soksi juu ya blanketi, akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo wasaidizi hawaruhusiwi.

"Papa, naomba tuanze tena."

"Tuanze nini?"

"Ya tisa."

Mzee alijiinua kidogo kwenye mto. Alijaribu kufunga kifungo cha juu cha pajama yake, vidole vikateleza, Onésime akakifunga. Kisha akasoma swali lote, kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kushusha macho. Sauti ilimkatika mara moja. Akarudia pale ilipokatika.

"Ndiyo," alisema Kabamba. Akavuta pumzi. "Andika vizuri, na kalamu ya bic ikamate karatasi. Ndiyo. Antoine. Miaka onze." Machozi yalimshuka, lakini alikuwa akitabasamu na meno yake yote machache. "Ile ya kumi inasema nini?"

"Inasema, ukilazwa unataka nani akuwe karibu."

"Andika ile jina tena."

Aliandika. Walipita la kumi na moja, la kumi na mbili, hadi la kumi na nne, maswali ambayo Onésime hakuwa amewahi kumsomea mtu. Walipomaliza, mzee alinyooshea kidole karatasi ya pili.

"Na hii ya nani?"

Onésime aliiweka juu ya goti lake. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, na Onésime, aliyejua kuufunga uso wake, hakuufunga.

"Ah, mutoto," alisema Kabamba. "Bon. Kumbe tulikuwa wawili kwa ile meza."

"Tulikuwa wawili, papa."

"Na kesho? Ile karatasi itaenda wapi? Kwa mufuko yako?"

Chini, mluzi ukapanda tena, umechoka sasa, sauti ya mwisho ikikatika kwa baridi. Onésime akasimama. Alijua kwamba kabla ya Jumapili mama wa ndoo na kwaya nzima watakuwa wameshazungumza, na pengine atafukuzwa, koti jeupe litundikwe kwenye msumari wa mtu mwingine. Alishika chuma cha kitanda.

"Papa Kabamba, sikia," alisema kwa sauti kubwa, dirisha wazi, mlango wazi. "Kesho saa tatu nitaingia kwa ile réunion ya mafunzo. Nitasema zile 'hapana' zote quarante-trois ni mimi niliziandika, hakuna muntu alizisema. Nitaweka mbele ya docteur karatasi yako, na yangu juu yake, na jina yangu. Halafu nitarudi kwa bale wote, mumoja mumoja, niwaulize kama nilivyokuuliza wewe. Na vendredi, mbele hawajakupeleka kukatwa, Antoine atapanda kwa ile ngazi kama Antoine. Nakuahidi, papa. Mimi mwenyewe nitamushika mukono."